Msichana wa Kisimani: Mzimu, Mzuka au Pepo?

Giza kwanza. Kisanduku cheusi cha picha, kisha kingine cheusi, kisha uso wa msichana aliyeinua macho kutafuta alikotokea. Huko juu kuna duara la mwanga, dogo kama sarafu. Anya ametumbukia kisimani, katikati ya msitu, siku aliyogombana na rafiki yake. Pembeni yake kuna mifupa ya mtu. Na kutoka kwenye mifupa hiyo anatokea binti mweupe kama moshi wa ubani, nywele zikielea kana kwamba yuko majini.

Anya anapiga kelele.

Msomaji wa Kiswahili, kabla hata hajaogopa, anatafuta jina. Huyu tumwiteje? Kiingereza kimemaliza kazi kwa neno moja tu kwenye jalada: *Anya's Ghost*, riwaya ya picha ya Vera Brosgol iliyotoka mwaka 2011. Sisi neno moja halitutoshi, na kila neno tunaloshika linatupa kitabu tofauti. Swali hilo, la namna ya kukifasiri, limening'ang'ania kwa wiki kadhaa, na kadiri linavyojibiwa ndivyo kitabu chenyewe kinavyozidi kuwa kizuri.

Ambaye hajakisoma aelewe mapema: kuanzia hapa siri zake zinafichuliwa.

## Mzimu una wenyewe

Neno la kwanza linalokuja mdomoni ni mzimu. Kamusi inakubali, lakini mila inakataa.

Mzimu una ukoo. Ni wa babu au bibi aliyetangulia, una mahali pake penye mti au pango, una watu wanaoujua kwa jina na wanaoupelekea kitu wakati wa shida. Ukikasirika, kuna mzee anayejua kwa nini. Hata wanaouogopa hawausemi kama kitu cha barabarani.

Emily, binti wa kisimani, hana yeyote. Amelala pale miaka 90 na hakuna aliyekwenda kumtafuta. Hana kaburi, hana mjukuu, hana wa kumwombea. Ukimwita mzimu unakuwa umempa familia ambayo kitabu kimemnyima kwa makusudi, kwa sababu upweke huo ndio chambo chake. Anya anamhurumia kwa kuwa anaonekana hana mtu. Msomaji naye anaingia mtegoni kwa mlango huohuo.

Kuna na tatizo dogo la sarufi, ila kwa mfasiri si dogo hata kidogo. Mzimu kwa ngeli yake ni "huu", si "huyu". Anya anaongea na Emily, anagombana naye, anamkopesha siri zake. Kiputo kimoja, yaani duara la maneno ya mhusika, chenye "mzimu huu" katikati ya mazungumzo ya wasichana wawili kinamgeuza mmoja wao kuwa kitu.

## Mzuka hutokea tu

Mzuka ni neno jepesi zaidi. Limetokana na kuzuka: kitu hakikuwapo, mara kipo. Linafaa sana ukurasa ule wa kisimani. Linafaa pia tabia ya Emily ya kuchomoza mahali asipotarajiwa baada ya Anya kuokolewa, kwa sababu kipande kidogo cha mfupa wa kidole kimeingia kwenye mkoba wa Anya bila yeye kujua. Emily hawezi kwenda mbali na mifupa yake. Mfupa ukiwa mkobani, yeye yuko shuleni.

Lakini weka "Mzuka wa Anya" kwenye jalada, kisha mpe kijana wa Dar es Salaam. Atadhani ni kitabu cha burudani. Mtaani mzuka ni ile hamasa, ule mzuka wa kucheza, wa kushangilia timu, wa kufanya jambo hadi liishe. Kijana wa miaka 15, ambaye hasa ndiye aliyeandikiwa kitabu hiki, atasoma maana hiyo kwanza.

Na zaidi ya hapo, mzuka hutokea ukatisha ukaondoka. Hauna shida na wewe. Emily ana shida na Anya kuanzia siku ya kwanza.

## Kiti

Limebaki basi pepo.

Pwani, pepo hatishi kwa kutokea. Anapanda. Anayepandwa huitwa kiti, na neno hilo lina ukweli mchungu: mtu mzima mwenye jina lake anakuwa mahali pa mwingine kukaa. Kwenye ngoma ya pepo, akishapanda haulizwi kwa nini amekuja kabla hajaulizwa ni nani na ametoka wapi. Ajitaje. Kisha aseme anataka nini: kitambaa cha rangi fulani, pete, ubani wa aina yake, chano chenye vitu vyake. Wakikubaliana, anapewa chake na mgonjwa anapata nafuu. Ni mapatano. Bei inatajwa mbele ya watu.

Sasa mtazame Emily kwa jicho hilo.

Anamsaidia Anya kwenye mtihani kwa kupita juu ya madawati na kusoma majibu ya wengine. Anamsaidia kujua mambo ya Sean, mvulana ambaye Anya anampenda kwa mbali. Anakuwa rafiki asiyechoka wala asiyesema hapana. Hataji bei. Na alipoulizwa ametoka wapi alitoa hadithi tamu ya huzuni: wazazi waliouawa, mchumba aliyekufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, binti anayekimbia usiku na kutumbukia kisimani.

Hadithi ni ya uongo.

Mganga yeyote wa pwani angemng'ang'ania kwenye swali la kwanza. Anya analiruka kwa sababu jibu limemgusa, na atalirudia akiwa amechelewa, pale atakapokwenda mwenyewe kutafuta habari za mwaka 1918 na kukuta kwamba Emily hakuwa na mchumba. Alikuwa na mwanamume aliyempenda na ambaye hakumpenda. Alimfungia ndani ya nyumba pamoja na mwanamke aliyekuwa naye, akaichoma moto. Alipokuwa akikimbia ndipo kisima kilipompokea.

Kwa hiyo pepo. Au hivyo ndivyo ilivyoonekana kwa siku kadhaa, mpaka jambo jingine likajitokeza.

## Mwenyeji juu ya mgeni

Mapepo ya pwani mara nyingi ni wageni. Unguja wanajulikana kwa asili zao: kibuki ametoka Bukini, yaani Madagaska, na hupenda brandi. Habeshi ametoka Uhabeshi. Ruhani ni wa Kiarabu. Hata rubamba, wa karibu kabisa, ni wa Pemba. Anayepandwa ni mwenyeji, anayepanda ametoka nje. Mji wa bandari umezipa sura hofu zake na kumbukumbu zake kwa namna hiyo, na ni namna yenye busara.

Kwenye kitabu cha Brosgol mambo yamepinduliwa.

Anya ndiye mgeni. Amezaliwa Urusi, amekuja Marekani mdogo, ametokwa jasho kuua lafudhi yake na kupunguza mwili wake. Jina la ukoo, Borzakovskaya, amelikata likawa Brown. Mama yake bado anapika vyakula vya kwao na bado anazungumza kama mtu aliyekuja ukubwani. Shuleni kuna mvulana mwingine Mrusi, Dima, mnyonge, anayeonewa, mwenye lafudhi nzito. Mama anataka Anya awe mwema kwake, na Anya anamkwepa kama mtu anayekwepa kioo. Emily, huyu aliyekufa zamani, ndiye mwenyeji. Ardhi ni yake.

Pepo mwenyeji, kiti mgeni. Ndiyo maana urafiki wao unaanza kwa urahisi namna ile. Anya hajawahi kupata mwenyeji anayemtaka. Brosgol mwenyewe alizaliwa Moscow mwaka 1984 na kuhamia Marekani akiwa na miaka mitano, na mtu aliyepita njia hiyo anajua kwamba mgeni haombi mengi. Anaomba mtu mmoja wa pale amwambie namna ya kutembea.

Emily anamwambia. Na wakati huohuo naye anajifunza, kwa kuwa miaka 90 imempita. Fuatilia nywele zake na nguo zake. Anapoanza ana mavazi ya enzi yake. Kidogo kidogo anabadilika, anajitengeneza, anakuwa kama msichana wa shule wa leo, mpaka kuna kurasa ambazo mzuka anaonekana kuizoea Marekani ya sasa kuliko Anya. Hakuna kiputo kinachotangaza badiliko hilo. Limechorwa tu.

## Milango miwili

Kila anayekipenda kitabu hiki ana ukurasa anaourudia. Unaostahili kurudiwa zaidi ni ule wa kwenye sherehe.

Anya amejipamba, amefika, Emily yuko nyuma yake akimsukuma. Sean amejifungia chumbani na msichana mwingine. Na nje ya mlango amesimama Elizabeth, mpenzi wa Sean, yule mrembo ambaye Anya amekuwa akimwonea wivu tangu mwanzo. Amesimama analinda. Anajua kinachoendelea ndani, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeingia.

Usigeuze ukurasa upesi hapo. Tazama alivyosimama. Brosgol alikuwa mchoraji wa michoro ya awali ya filamu za katuni kwenye studio ya Laika, na *Coraline* ya mwaka 2009 ni mojawapo ya kazi alizoshiriki. Mtu wa kazi hiyo hujifunza kumfanya mhusika aongee kwa mabega. Kwa mistari michache tunaona kwamba nafasi ambayo Anya alikuwa akiitamani ni ya mlinzi wa mlango.

Anya anaondoka. Emily anakasirika.

Hasira hiyo inashangaza ukiisoma mara ya kwanza. Haijibu kitu ambacho Anya amefanya. Lakini ukishajua habari za mwaka 1918, mlango wa pili unaonekana nyuma ya huu wa kwanza. Elizabeth amesimama nje ya mlango wa mwanamume anayemsaliti, naye anauvumilia usaliti huo. Emily alisimama nje ya mlango wa namna hiyohiyo na kuufunga kwa moto. Anya ndiye wa tatu, na anafanya kitu ambacho hao wawili hawakukiwaza: anageuka na kwenda nyumbani kwao. Kwa Emily huo ni usaliti, maana alikuwa amejiandalia mwisho mwingine wa hadithi yake mwenyewe kupitia mwili wa mtu mwingine.

Hapo neno kiti linauma kweli.

Kuanzia hapo Emily anaonyesha makucha. Nguvu zake zimekua, anatishia familia ya Anya, na uso uleule wa kitoto unavutwa na kurefushwa mpaka unatisha. Wasomaji wengine hulalamika kwamba badiliko ni la ghafla. Si la ghafla. Limeandaliwa kwa kurasa nyingi. Tatizo ni kasi ya kusoma.

## Namna ya kumwona kabla hajajitaja

Kitabu kina kurasa zaidi ya 200 na unaweza kukimaliza kwa saa moja na ushee. Huo ndio mtego wake wa pili. Macho hukimbilia maneno, na ukurasa wenye viputo vitatu unaisha kwa sekunde tano huku picha ikiwa haijatazamwa.

Soma mara ya kwanza kwa kasi yako, ufurahie na kuogopa. Mara ya pili kata kipande cha karatasi ngumu, upana wa vidole vitatu, ukitumie kufunika viputo kila unapofungua kurasa mbili. Mfuate Emily peke yake. Yuko wapi kwenye kisanduku: mbele ya Anya, pembeni, au nyuma yake? Mikono yake inafanya nini wakati Anya anaongea na watu wengine? Nani amekatwa na ukingo wa picha? Halafu ondoa karatasi usome maneno. Mara nyingi utakuta picha imeshasema jambo ambalo maneno bado yanalificha.

Usidharau pia zile nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku. Ndimo wakati unamopita, na msomaji ndiye anayeujaza. Kwenye hadithi ya mizuka, nafasi hizo zinafanya nusu ya kazi ya kutisha: Emily hayupo, mstari mweupe, Emily yupo. Hakuna aliyemwona akija kwa sababu alikuja ndani ya kichwa chako.

Simu inaliharibu hilo. Programu nyingi za kusomea hukata ukurasa na kukuletea kisanduku kimoja kimoja, kwa hiyo huoni tena kurasa mbili zinazotazamana, wala hupati ule mshtuko wa kugeuza ukurasa wa kulia na kukutana na kilichofichwa nyuma yake. Kama huna njia nyingine, ilaze simu ukurasa mzima uonekane kwanza, kisha ndipo uvute karibu. Fotokopi nayo haifai kabisa. Kitabu kimechapwa kwa nyeusi, nyeupe na zambarau iliyofifia, na zambarau hiyo ndiyo inayomtenga Emily na giza linalomzunguka. Mashine ya kopi inaigeuza kuwa nyeusi yenye madoa, na pepo wetu anapotea kabisa au anabaki kama uchafu wa kioo.

Mzazi au mwalimu anayetaka kukipeleka darasani ajue kina uvutaji sigara, ulevi wa vijana na maneno makali. Tuzo ya Eisner, tuzo ya Marekani ya vitabu vya katuni, kilichopata mwaka 2012 ni ya machapisho ya vijana wa miaka 12 hadi 17, na huo ni umri sahihi.

## Viputo havinyooki

Tukirudi kwenye kukifasiri, maana swali la jina lilianzia huko.

Kiputo kimeshachorwa, hakiongezeki. Kwa kawaida ni duara lililobanwa, lenye mstari mfupi juu, mrefu katikati, mfupi chini. Kiingereza kinajaa humo kwa urahisi kwa kuwa maneno yake ni vipande vidogo vinavyokatika popote. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hawakunisikiliza" ni herufi 16 zisizo na nafasi ndani yake. Ukilazimisha, herufi zinapunguzwa mpaka hazisomeki, au neno linakatwa vibaya. Likibidi kukatwa likatwe kwenye silabi, hawakuni- juu, sikiliza chini, kamwe si katikati ya konsonanti na irabu yake. Afadhali zaidi kutafuta neno jingine: "walinipuuza" lina herufi 11 na linauma zaidi.

Kisha lafudhi ya mama na ya Dima. Bila lafudhi hiyo kitabu hakina uti wa mgongo, kwa sababu msomaji lazima asikie kile Anya alichokifuta mdomoni mwake. Kosa la haraka ni kubadilishana r na l. Mbinu hiyo imetumika vichekeshoni kuwadhihaki watu wa makabila yetu wenyewe na itamfanya mama achekwe. Ngeli zinatosha. "Chakula yako", "shule wako". Kosa moja kwa kiputo, si zaidi, na lisiwepo kabisa pale mama anapoongea kwa uchungu au kwa hofu, maana mtu aliyefikwa na jambo zito msomaji anapaswa kumsikia yeye, si makosa yake. Dima apewe makosa tofauti na ya mama, kwa sababu yeye bado anajifunza shuleni: Kiswahili cha kitabuni mno, sentensi ndefu, "tafadhali" kila mahali.

Anya asikosee hata mara moja. Huo ndio msiba wake mwanzoni mwa kitabu.

## Herufi moja

Pepo, basi. *Pepo wa Anya.* Jina linakaa vizuri kwenye jalada, na "wa" hiyo inabeba pande zote mbili, kwa kuwa hatujui bado nani anammiliki nani.

Ila Kiswahili kina pepo nyingine. Ile ambayo watu wema wanaahidiwa, yenye mito na vivuli. Hiyo si "wa", ni "ya". *Pepo ya Anya.* Majibu ya mtihani yanayokuja yenyewe. Rafiki asiyekuacha. Mvulana anayegeuka kukutazama. Kuanzia siku Anya anapotolewa kisimani hadi usiku wa sherehe, hicho ndicho kitabu anachodhani yumo.

Ukiwa na nakala yako, chukua penseli laini na uandike jina la Kiswahili kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo, kwa "ya". Utakapofika kwa Elizabeth mlangoni, rudi ulifute hilo "ya", uandike "wa".